Boriti ya Bawa: Kuchonga na Kuunga kwa Gundi Mbao za Ndege ya Kujijengea

Chukua ufito mkavu wa unene wa kidole gumba, ushike ncha mbili, uukunje taratibu juu ya goti. Usiuvunje kwa mara moja. Kunja, tazama, kunja tena. Upande wa nje, ule unaovutwa, utabaki laini kwa muda. Upande wa ndani, ulioegemea goti, ndio utakaoanza kuonyesha vimikunjo vidogo vinavyokata nyuzi, kama ngozi ya kiwiko. Hapo ufito umeshapoteza nguvu yake, ingawa bado haujatoa mlio wowote. Mengi nitakayokueleza kuhusu boriti ya bawa yamo ndani ya ufito huo.

Ndege ikiwa angani bawa hukunjwa kwenda juu. Sehemu ya juu ya boriti inakandamizwa, ya chini inavutwa. Mbao ina nguvu zaidi ikivutwa kuliko ikikandamizwa, ndiyo maana katika ramani nyingi za ndege za mbao utakuta ubao wa juu wa boriti ni mnene kuliko wa chini. Fundi asiyeijua sababu hiyo anaweza kuifunga boriti juu chini, na ndege ikaonekana nzima kabisa ikiwa chini. Kosa litajitokeza ikiwa mita mia mbili juu ya mashamba ya watu.

Nauandika mwongozo huu kwa ajili ya mafundi wa huku kwetu, Tarime na Serengeti. Ndege ndogo zinapita juu yetu zikielekea viwanja vya Seronera na Kogatende ndani ya hifadhi, na karakana ya seremala haikosi kijana anayezifuata kwa macho mpaka zipotee. Wapo wanaotamani kujenga yao. Sitaki kumkatisha mtu tamaa, kwa sababu kazi hii kweli ni ya seremala. East African Airways ilipoanza mwaka 1946 ilianza na ndege sita za de Havilland Dragon Rapide, na bawa la Rapide ni mbao, gundi na kitambaa. Huko Marekani, Bernard Pietenpol alibuni Air Camper yake ya mbao miaka ya 1920, na watu wanaijenga uani kwao hadi leo. Ufaransa wana Jodel D.9, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1948, ndege ya mtu mmoja yenye boriti moja ya sanduku inayobeba bawa zima.

Ila kuna tofauti moja kati ya boriti hii na kenchi ya paa au kitanda. Kitanda kikilegea kitapiga kelele mwezi mzima kabla hakijaanguka. Boriti ya bawa iliyoungwa vibaya haipigi kelele. Ubora wake umefichwa ndani ya mstari wa gundi mwembamba kuliko karatasi, mahali ambapo jicho halifiki, na ukishafunga huwezi kuufungua ukatazama. Kwa hiyo kazi yote ya fundi ni kujipatia ushahidi wa kile asichoweza kukiona.

Kabla ya kushika randa

Usibuni boriti yako mwenyewe. Nunua ramani ya ndege ambayo wengine wameijenga na kuirusha kwa miaka, uifuate milimita kwa milimita. Hesabu ndogo itakuonyesha kwa nini. Tuseme ndege yako, pamoja na wewe na mafuta, ina kilo 300. Kipimo kinachotumika kwa ndege ndogo za kawaida ni kwamba bawa lihimili mara 3.8 ya uzito huo bila kupata ulemavu, kisha liwe na akiba ya mara moja na nusu ya hapo kabla ya kuvunjika. Mara 3.8 ukizidisha kwa 1.5 unapata 5.7, na 5.7 kwa kilo 300 ni kilo 1,710. Ng'ombe wetu wa kienyeji aliyeshiba ana kilo 250 hivi. Wapange karibu saba juu ya mabawa yako mawili, na boriti isivunjike. Huwezi kufika hapo kwa kukisia.

La pili, wasiliana na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, kabla hujanunua mbao na si baada ya kumaliza. Waonyeshe ramani, waulize ukaguzi utafanyikaje na katika hatua zipi. Kuruka bila kibali ni kosa, na kwa sisi tunaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kuna masharti mengine ya anga ya hifadhi. Nitarudi kwenye ukaguzi mwishoni, kwa sababu unagusa moja kwa moja namna unavyofunga boriti.

Kuchagua mbao

Mti uliobeba sehemu kubwa ya ndege za mbao duniani ni sprusi ya Sitka, mti wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Mita moja ya ujazo ya mbao yake kavu ina kilo 430 hivi, nyuzi zimenyooka, na nguvu yake ni kubwa ukilinganisha na uzito. Huku kwetu haipatikani. Inaagizwa kutoka nje, na bei yake inauma.

Tulicho nacho ni paini. Mbao za paini tunazouziwa Kanda ya Ziwa hutoka mashamba kama Sao Hill kule Mufindi, na yapo ya karibu zaidi, Buhindi na Rubya. Ni mbao nzuri kwa paa na fanicha. Kwa boriti ya bawa, hukumu yangu ni hii: jifunzie kwa paini, ruka kwa mbao iliyoandikwa kwenye ramani. Sprusi ya ndege inatakiwa iwe na pete za ukuaji zisizopungua 6 katika kila sentimita 2.5 ukihesabu kwenye kichwa cha ubao. Paini yetu inakua haraka kwa sababu ya mvua na jua la mwaka mzima. Nimehesabu mbao nyingi zenye pete mbili au tatu tu katika nafasi hiyo, na fundo kila baada ya hatua moja. Mvule una sifa zake, lakini ni mzito mno kwa kazi hii. Na zile mbao za dawa za kuezekea usiziguse kabisa. Dawa inaongeza uzito na inazuia gundi kushika.

Hata sprusi ya bei ghali lazima uikague mwenyewe. Anza na mwelekeo wa nyuzi. Usidanganywe na michirizi unayoiona juu ya ubao, kwani pete zinaweza kunyooka huku nyuzi zenyewe zikikata kona. Kata kipande cha mwisho cha ubao, kisimamishe, kipasue kwa patasi pana na nyundo. Mpasuko hufuata nyuzi. Uweke rula kando yake: katika urefu wa sentimita 15, mpasuko usitoke nje ya mstari zaidi ya sentimita 1. Ukizidi hapo, ubao huo si wa boriti. Njia nyingine ni kudondosha tone la wino wa kalamu juu ya uso uliopigwa randa na kutazama linakokimbilia.

Kisha subiri usiku. Zima taa, washa tochi, uilaze karibu kabisa na uso wa ubao ili mwanga upite ukiparaza. Unatafuta mistari myembamba inayokata nyuzi kwa upana, mfano wa ule mkunjo wa ufito wako. Mistari hiyo hutokea mti unapoangukia gogo lingine au unapopindwa na upepo ukiwa bado umesimama. Mchana huwezi kuiona. Ubao wenye mstari mmoja tu wa namna hiyo tengenezea stuli. Fundo, mfuko wa utomvu, doa la kuoza, tundu la bungua, kataa vyote. Muuza mbao atakununia, mwache anune.

Unyevu

Tarime ina masika na vuli, na mbao inayajua majira hayo kuliko sisi. Boriti inatakiwa iunganishwe ikiwa na unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Ubao uliokaa kwenye banda la wazi mwezi wa nne hauko hapo, hata kama unauona mkavu ukiugusa. Kama huna kipima unyevu, mizani ya jikoni inayosoma gramu itakutosha. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si kichwani. Kipime. Tuseme ni gramu 118. Mwombe mwoka mikate akuwekee ndani ya tanuri lenye joto la kuzidi nyuzi 100 kidogo, ukipime kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito usishuke tena. Tuseme kimeishia gramu 104. Zimetoka gramu 14. Gawanya 14 kwa 104, unapata asilimia 13 na nusu. Ubao huo bado unahitaji kukaa.

Ukaushe kivulini, juu ya vijiti vya unene sawa, upepo upite chini na juu, na vichwa vimepakwa rangi ili visipasuke. Miezi, si siku. Mbao zote zitakazoungana ziwe zimekaa chumba kimoja, kwa sababu ubao mkavu ukiungwa na wenye maji, huo wa maji utasinyaa baadaye na kuuvuta mstari wa gundi usiku na mchana.

Kuchonga

Kuchonga ndiko seremala wa hapa anakojiona yuko nyumbani, nami sitakufundisha kupiga randa. Nitataja tu yale ambayo kazi ya madirisha haijakuzoesha.

Chora kwa penseli, usichore kwa msumari wala ncha ya kisu. Mkwaruzo unaokata nyuzi ni mwanzo wa ufa. Kona za ndani zisiwe kali. Pale ubao mnene unapopungua kuwa mwembamba, ufanye mteremko mrefu na si ngazi, maana nguvu hukusanyika kwenye ngazi na kuvunjia hapo. Matundu ya bolti yapite pale pale ramani inapoonyesha, kwa kawaida karibu na katikati ya kimo cha boriti, kwani kingo za juu na chini ndizo zinazobeba mzigo. Tumia keekee kali na uweke kipande cha mbao nyuma ili tundu lisipasuke likitokeza. Na kila tundu lilowekwe vanishi ndani kabla bolti haijaingia.

Boriti zina maumbo tofauti. Nyingine ni ubao mmoja mzima, nyingine ni tabaka zilizobandikwa, nyingine ni sanduku: ubao wa juu, ubao wa chini, na kuta mbili za plaiwudi. Kama yako ni ya sanduku, angalia plaiwudi ya kuta imelala vipi kwenye ramani. Mara nyingi nyuzi zake huelekezwa mshazari wa nyuzi 45, kwa sababu kazi ya ukuta ni kuzuia ubao wa juu na wa chini zisiteleze kila mmoja kivyake. Usiigeuze ili kuokoa plaiwudi.

Ubao wa mita nne au tano usio na dosari ni adimu, kwa hiyo huenda ukalazimika kuunga. Hapo ndipo kinapoingia kiungo cha mshazari. Kiungo cha kichwa kwa kichwa hakishiki, gundi yote inanywewa na vinyweleo vya mti. Mshazari uwe wa uwiano wa 1 kwa 12: ubao wa unene wa sentimita 2 unapata mshazari wa sentimita 24. Pandanisha mbao mbili, ya juu ikirudi nyuma kwa sentimita hizo 24, zibane kwenye meza na zipigie randa pamoja kama mteremko mmoja. Kisha zikutanishe bila gundi, zishike kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya popote, rudi kwenye randa. Kiungo kisikae chini ya chuma cha kufungia bawa, wala pale nguzo ya bawa inaposhika, na viungo visizidi viwili katika boriti moja.

Uso unaokwenda kupakwa gundi uache kama ulivyotoka kwenye randa kali. Usiupige msasa. Vumbi la msasa huziba vinyweleo, na msasa huviringisha kingo bila wewe kujua. Unga siku ile ile uliyopiga randa.

Gundi

Hapa ndipo watu wanapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tarehe 31 Machi 1931, ndege ya abiria aina ya Fokker F-10 ya kampuni ya TWA ilivunjika bawa angani huko Kansas, Marekani. Watu wote 8 walifariki, akiwemo Knute Rockne, kocha wa futiboli ya Kimarekani aliyejulikana nchi nzima. Bawa lilikuwa la mbao, na unyevu ulikuwa umeingia ndani na kuidhoofisha gundi mahali ambapo mkaguzi hakuweza kupaona. Mwaka 1944, ndege za Mosquito za Uingereza, za mbao pia, zilipopelekwa India na Burma kwenye joto na mvua, kadhaa zilivunjika mabawa. Uchunguzi ulikuta viungo vya gundi vilivyokuwa na mianya. Zilijengwa na mafundi wazuri, viwandani. Ukiwa Tarime karibu na ziwa, mvua mara mbili kwa mwaka na jua kali katikati, soma habari hizo mbili kama zimeandikwa kwa ajili yako.

Gundi nyeupe tunayotumia kwenye makabati ni nzuri kwa makabati. Ikibeba mzigo wa kudumu inanyooka polepole kama utomvu, na unyevu unailainisha. Isiingie kwenye ndege. Gundi zinazofaa ni za aina mbili: resosinoli, ile ya rangi ya zambarau iliyoiva, na epoksi iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege za mbao. Tumia ile iliyotajwa kwenye ramani, nunua kopo ambalo muda wake haujapita, na uandike tarehe uliyolifungua.

Resosinoli imethibitika kwa miaka mingi na haiogopi maji wala joto, lakini ina masharti magumu. Inataka joto lisilopungua nyuzi 21 muda wote inapokauka, na usiku wa Tarime unashuka chini ya hapo. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba ulichokifunga. Hewa yake inaua watu kimya kimya. Jenga hema la turubai juu ya meza, panga madumu ya maji ya moto chini yake, yabadilishe usiku kucha, na uning'inize kipimajoto pale boriti ilipo. Resosinoli pia inataka mgandamizo mkubwa, kilo 9 hadi 10 kwa kila sentimita ya mraba kwa mbao laini. Piga hesabu. Ubao wa upana wa sentimita 5 na urefu wa mita moja una sentimita za mraba 500, yaani unahitaji mgandamizo wa kilo 4,500 hadi 5,000. Ukichukulia klampu moja nzuri ya chuma inatoa kilo 450 au 500 ikikazwa kwa mkono, hizo ni klampu kumi kwa kila mita, moja kila baada ya sentimita 10. Kwa boriti ya mita nne, azima klampu za mji mzima.

Epoksi ni mpole zaidi. Inajaza mwanya mdogo na haihitaji kubanwa sana. Ukiikaza kwa nguvu unaikamua yote na kuacha kiungo kikavu. Udhaifu wake ni joto. Ndege iliyopakwa rangi nyeusi, ikashinda juani mjini Mugumu bila kivuli, inaweza kupata joto la kuilegeza epoksi. Ndege za epoksi hupakwa nyeupe, na hiyo ni sababu ya uhandisi, si ya urembo.

Siku yenyewe ya kubandika, fanya kwanza zoezi zima bila gundi. Panga mbao, kaza klampu zote, vuta uzi kutoka ncha hadi ncha uone kama boriti imenyooka. Weka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho, vikikaa kukingama boriti, chuchumaa utazame juu ya kimoja hadi kingine. Visipolingana, boriti imejipinda, na gundi ikishakauka itabaki hivyo milele. Fungua, rekebisha, rudia mpaka mikono izoee.

Changanya gundi na hadina yake, yaani dawa ya kuikausha, kwa mizani au kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Usikadirie kwa jicho na usiongeze hadina ili ikauke haraka. Vaa glavu, maana hadina inaharibu ngozi. Paka nyuso zote mbili. Kwenye mshazari, vichwa vya nyuzi vinakunywa sana, kwa hiyo ukitumia epoksi paka mkono wa kwanza mwembamba, subiri uingie, ndipo upake wa pili. Weka ubao mnene kati ya klampu na boriti ili mgandamizo usambae. Anza kukaza katikati ukienda nje, kidogo kidogo, duru mbili au tatu.

Sasa inama uangalie pembeni. Gundi itaanza kutokeza kwenye mstari wa kiungo, vitone vidogo vikipangana kama shanga kwenye uzi. Vifuate kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili. Pale shanga zinapokatika pana njaa ya gundi au pana mwanya. Bado una dakika chache za kufungua na kurekebisha. Nilipokuwa ninajifunza niliona nafasi ya sentimita tatu isiyo na shanga nikajiambia itakuwa imeingia ndani. Nilipoupasua ubao ule wiki iliyofuata, sehemu hiyo ilikuwa kavu na inang'aa kama kioo. Nimekihifadhi kipande hicho hadi leo.

Vijiti vya ushahidi

Kila mara unapochanganya gundi, hata kama ni kijiko kimoja, bandika pia vipande vidogo vitatu vya mbao ile ile, kwa gundi ile ile, chini ya hema lile lile. Viandike tarehe, namba ya kopo, joto la chumba na ni sehemu gani ya boriti iliyoungwa siku hiyo. Usiruke hata mara moja.

Baada ya muda wa kukauka kupita, chukua kipande cha kwanza, weka patasi kwenye mstari wa gundi, piga nyundo. Kikipasuka, tazama nyuso mbili. Ukiona nyuzi za mbao zimeng'oka na kubaki zimeganda upande wa pili, gundi imeshinda mti, na ndicho unachotaka. Ukiona uso laini wa gundi uliobanduka, kiungo kimeshindwa, hata kama ulilazimika kupiga nyundo mara kumi. Kipande cha pili kiloweke majini siku nzima, kianike, kisha kipasue vivyo hivyo. Cha tatu kitundike ndani ya karakana, kipitie masika na kiangazi pamoja na boriti yako. Kikifunguka baada ya mwaka, utakuwa umeonywa ukiwa bado chini.

Fanya pia boriti fupi ya majaribio, mita moja, na uivunje kwa makusudi. Itakuuma kuvunja kazi ya wiki mbili, lakini ukiisikia ikilia na kuona inavunjikia wapi utajifunza kuliko maneno yangu yote.

Bawa likishakamilika, mtihani wake hufanywa likiwa limegeuzwa, tumbo juu, likipakiwa mifuko ya mchanga iliyopimwa. Kwa ile ndege ya kilo 300, mzigo wa mara 3.8 ni kilo 1,140, yaani kilo 570 kila bawa, mifuko 11 ya kilo 50 na mmoja wa kilo 20. Mpangilio wake unatoka kwenye ramani, mingi ikielekea shina la bawa na michache nchani. Usipandishe hadi mzigo wa kuvunjia bawa unalotaka kurukia. Fanya kazi hiyo mbele ya mkaguzi, na bawa likishapakuliwa lirudi lilipokuwa kwenye uzi uliouvuta kabla ya kupakia. Kama limebaki limepinda, kitu ndani kimesagika.

Kuhusu hatari nyingine za anga letu nitataja moja. Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, aligongana na tumbusi akiwa peke yake kwenye ndege yao ndogo ya Dornier, bawa likaharibika, akafa akiwa na miaka 24. Ndege ile ilikuwa ya metali. Tumbusi wangali wanazunguka juu ya mizoga kila adhuhuri, na bawa la mbao halitawahurumia wala wao kulihurumia. Ukija kuruka, usiruke saa zao.

Kufunga sanduku

Kabla ya kubandika ukuta wa mwisho wa plaiwudi, paka vanishi nyuso zote za ndani isipokuwa mistari itakayopata gundi. Kila chumba cha sanduku kiwe na tundu dogo la kupumulia kama ramani inavyoonyesha, na la kutolea maji pale chini kabisa. Chumba kisichopumua hufungia unyevu, na unyevu huo ndio ulioingia kwenye ile Fokker. Hifadhi boriti ikiwa imelazwa juu ya vishikizo kadhaa vyenye kitambaa, mbali na ukuta na sakafu ya udongo, maana mchwa wa huku hawaulizi ni mbao ya nani.

Kisha simama hapo. Usibandike ukuta ule wa mwisho. Piga picha za kila kiungo kilicho wazi, panga vijiti vyako vya ushahidi mezani vikiwa na maandishi yake, umwite mkaguzi aje aione boriti ndani ingali wazi. Hata ikibidi ukae miezi mitatu ukimsubiri, subiri. Na kama kijiti kimoja kati ya vile kilibanduka kwenye gundi, usimfichie. Kata boriti hiyo vipande vya kuni, uanze nyingine.